Kujichapishia Kitabu: Kazi Ipi Itangulie, Ipi Isubiri

Mwandishi anayejichapishia kitabu hupoteza fedha nyingi kwa kufanya kazi iliyo sahihi wakati usio wake. Anaagiza jalada kabla ya kujua kitabu kitakuwa na kurasa ngapi. Anapanga kurasa, kisha ndipo anamtafuta mhariri. Anachapa nakala elfu moja, halafu anaanza kujiuliza ni nani atakayezinunua. Kazi zote hizo ni za lazima, lakini zikipishana zamu hulipiwa mara mbili. Mwongozo huu unazifuata kwa mfuatano wake, tangu muswada unapokamilika hadi chapa ya pili.

1. Mjue mnunuzi kabla ya kumlipa mtu yeyote

Andika kwenye karatasi moja mambo matatu: kitabu kinamfaa nani, mtu huyo hununua vitabu wapi, na wewe unamfikiaje. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua mengine yote. Mkufunzi anayeandika kwa ajili ya watu anaokutana nao kwenye semina anaweza kuuza karibu nakala zote kwa mkono wake. Anahitaji nakala za karatasi, wala hana haja ya kuhangaika sana na maduka ya mtandaoni. Mtunzi wa riwaya ambaye wasomaji wake wametawanyika nchi mbalimbali atafaidika zaidi na kitabu cha kielektroniki pamoja na kuchapa kwa oda, yaani nakala kuchapwa pale tu mtu anapoinunua. Kitabu cha watoto chenye picha za rangi kina hesabu yake tofauti kabisa, kwa sababu kuchapa rangi nakala moja moja ni ghali mno.

Jibu la “kitabu changu ni cha kila mtu” lichukue kama ishara kwamba bado hujalifikiria swali.

2. Maliza maandishi. Yamalize kweli

Kuna uhariri wa aina tatu, na mara nyingi mwandishi hulipia mmoja akidhani amepata yote. Uhariri wa muundo hutazama kitabu kizima: sura zimepangwa vizuri, hoja imejengeka, mhusika haongei leo kinyume cha alivyokuwa jana bila sababu. Uhariri wa lugha hushughulikia sentensi moja baada ya nyingine. Usomaji wa prufu huja mwisho kabisa, baada ya kurasa kupangwa, na hutafuta herufi zilizoruka, mistari iliyojirudia na vichwa vilivyokaa pasipo pake. Huwezi kubadili mfuatano huu. Ukisahihisha sentensi za sura ambayo baadaye itafutwa, umetupa fedha.

Kabla ya mhariri wa kulipwa, wape muswada wasomaji wa awali, watu watatu hadi watano wasiokuonea haya. Ndugu na marafiki wa karibu hawafai sana kwa kazi hii, watakusifu. Usiwaulize kama wamekipenda. Waulize walichoka ukurasa gani, wapi walilazimika kurudia kusoma, na ni jambo gani walilitarajia wasilione. Wasomaji wawili wakilalamikia mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama tiba waliyoipendekeza si sahihi.

Ukimtafuta mhariri, mpe kurasa tano aziharirie kwa majaribio kabla ya kukubaliana naye malipo. Utaona mara moja kama anaisikia sauti yako au anakuandikia kitabu chake. Mkubaliane kwa maandishi: ni uhariri wa aina gani, atapitia mara ngapi, lini atamaliza, na malipo yatatolewa kwa awamu zipi.

Hapa kuna kazi ndogo ambayo wengi huiruka: daftari la tahajia. Kiswahili kina maneno mengi ambayo watu wazima wenye elimu zao huyaandika kwa namna mbili. Ni “kwa hiyo” au “kwahiyo”? “Kwa sababu” au “kwasababu”? “Inshallah” au “Inshaallah”? “Ijapokuwa” au “ijapo kuwa”? Kamusi itakuamulia mengi. Pale inapokaa kimya, amua mwenyewe, andika uamuzi wako kwenye orodha, na mpe mhariri pamoja na mpanga kurasa. Majina ya wahusika na ya mahali yaingie humo pia. Msomaji huenda asijue kanuni, lakini akiona mhusika anaitwa Mwanaisha ukurasa wa 12 na Mwana Aisha ukurasa wa 90, imani yake kwa kitabu kizima inapungua.

Ukishamaliza, soma muswada wote kwa sauti. Inachosha, ndiyo, lakini sikio hunasa yale ambayo jicho limeshayazoea. Baada ya hapo funga faili. Kuanzia hatua inayofuata, kila neno utakaloongeza lina gharama.

3. Haki na mikataba

Hakimiliki ya maandishi yako huzaliwa pale unapoyaandika. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, huhitaji kusajili popote ili kazi yako ilindwe, na ulinzi huo hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Usajili, pale unapopatikana, ni ushahidi mzuri ukifika mahakamani. Si sharti la kuwa na haki.

Sheria hiyo hiyo inawalinda wengine dhidi yako. Mashairi ya nyimbo ndiyo mtego mkubwa: mistari miwili tu ya wimbo unaopendwa inaweza kudai kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye haki. Picha iliyo wazi kwenye intaneti si ya bure kwa sababu tu inaonekana. Hata fonti zina leseni, na nyingine haziruhusu matumizi ya biashara.

Kisha kuna watu unaowalipa. Katika nchi nyingi, mchoraji wa jalada hubaki na hakimiliki ya mchoro wake hadi aihamishe kwa maandishi, hata kama umeshamlipa. Kwa hiyo mkataba useme waziwazi kwamba unaweza kuutumia mchoro kwenye kitabu cha karatasi, cha kielektroniki, kwenye matangazo na katika matoleo yajayo, na kwamba atakukabidhi faili asilia zinazoweza kurekebishwa. Siku utakapotaka kubadili neno moja kwenye jalada naye amehama au hapokei simu, utaelewa kwa nini.

Nitakaa kidogo kwenye kampuni zinazojiita wachapishaji huku zikimtoza mwandishi. Kumlipa mtu akufanyie kazi si vibaya. Hata mimi nawashauri waandishi wanunue huduma wasizoziweza. Tatizo ni kampuni inayochukua fedha zako *na* haki zako. Mchapishaji wa kweli huwekeza fedha zake kwenye kitabu na kukulipa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Mtoa huduma wa kweli hulipwa ujira wake na kukuachia kila kitu. Anayekutoza na bado akachukua haki zako, mwogope. Dalili zake hazifichiki: anausifia muswada siku mbili tu baada ya kuupokea, anakusukuma usaini kabla “nafasi” haijapita, hataji gharama ya kila kazi bali anataja kifurushi, mkataba wake unakutaka ununue mamia ya nakala zako mwenyewe, na ukiuliza faili za kurasa zitakuwa za nani anazunguka. Uliza swali moja la mwisho: nikitaka kuondoka mwaka ujao, naondoka na nini? Jibu lisipoandikwa ndani ya mkataba, hakuna jibu.

4. ISBN

ISBN ni namba ya utambulisho wa kitabu katika biashara ya vitabu. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ina tarakimu 13, ikianza na 978 au 979. Kabla ya hapo ilikuwa na tarakimu 10. Hutolewa na wakala wa kila nchi. Kwa nchi nyingine ni bure, kwa nyingine hulipiwa, hivyo anza kwa kumtafuta wakala wa nchi unakoishi. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile 12 za mwanzo, kwa hiyo namba ya kubuni au iliyokosewa tarakimu moja hugunduliwa na mashine.

Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, EPUB (faili la kitabu cha kielektroniki) nyingine. Ukichapa tena bila mabadiliko, au ukiwa umesahihisha makosa madogo tu ya herufi, namba inabaki ile ile. Ukiongeza sura au kuandika upya sehemu kubwa, hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya.

Majukwaa kadhaa ya mtandaoni hutoa ISBN ya bure. Soma masharti. Ile ya bure ya KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, kwa mfano, hutumika kwa kitabu cha karatasi ndani ya mfumo wao tu. Huwezi kuipeleka kwa mpiga chapa mwingine. Kama unakusudia kuuza kwingine, chukua namba yako mwenyewe tangu mwanzo. Ulizia pia sheria ya amana: nchi nyingi humtaka mchapishaji, ambaye sasa ni wewe, apeleke nakala kadhaa kwenye maktaba ya taifa.

5. Ukubwa na karatasi, kisha kurasa

Chagua ukubwa ambao mpiga chapa wako anao tayari. A5, yaani milimita 148 kwa 210, hupatikana karibu kila mahali panapotumia vipimo vya A4. Inchi 6 kwa 9 ni ya kawaida kwenye majukwaa ya kuchapa kwa oda. Ukubwa wa kujibunia hupoteza karatasi, na wewe ndiye unayelipia mabaki.

Kwa riwaya na vitabu vya maelezo, karatasi ya gramu 70 hadi 80 kwa mita ya mraba inatosha. Rangi ya krimu haiumizi macho kama nyeupe inayong'aa. Jalada laini huchapwa kwenye kadi ya gramu 250 hadi 300. Ujalidi, yaani kuunganisha kurasa na jalada, wa gundi ndio wa kawaida. Wa uzi hudumu zaidi na hugharimu zaidi. Pini hufaa vijitabu vyembamba, na hapo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne.

Kugawanyika huko ni muhimu pia kwenye mashine kubwa za ofseti, zinazochapa nakala nyingi kwa sahani. Karatasi moja kubwa hukunjwa na kutoa kurasa 16, kwa mfano. Kitabu chenye kurasa 163 kitalipiwa kana kwamba kina 176. Mpanga kurasa mzuri atakwambia: tukibana kurasa tatu tu, tunarudi 160. Muulize mpiga chapa anakunja kwa kurasa ngapi *kabla* kurasa hazijapangwa.

6. Kupanga kurasa za Kiswahili

Maandishi ya kitabu hukaa vizuri kwenye fonti ya pointi 10 hadi 11.5 yenye vikia (vimstari vidogo kwenye ncha za herufi), na nafasi kati ya mistari iwe kama asilimia 120 hadi 145 ya ukubwa huo. Pambizo la ndani liwe pana kuliko la nje ili maneno yasimezwe na mgongo. Aya zijitofautishe kwa kuingiza mstari wa kwanza ndani au kwa kuacha nafasi kati yake. Usitumie njia zote mbili. Ukurasa wa kulia daima una namba witiri. Mstari mmoja wa aya usiachwe peke yake juu au chini ya ukurasa.

Sasa lugha yenyewe. Programu nyingi za kupanga kurasa hazina kamusi ya Kiswahili ya kukata maneno mwishoni mwa mstari, na vitenzi vyetu ni virefu. Ukiizima kabisa kazi ya kukata, neno kama “wanaotutegemea” litarukia mstari wa chini na kuacha mapengo meupe mstari wa juu. Ukiiacha programu itumie kanuni za Kiingereza, utapata “wanaot-utegemea”, na hakuna msomaji wa Kiswahili asiyekereka kwa hilo. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: “wanaotu-tegemea”. Usitenganishe “ny”, “sh”, “ch”, “mb” wala “ng'”. Ikiwa programu haifundishiki, zima ukataji wa kujiendesha, kisha pitia kurasa na ukate kwa mkono pale tu pengo linapochukiza. Au acha ukingo wa kulia usilingane; kwa ushairi na vitabu vya watoto ni bora hivyo.

Ritifaa ya “ng'ombe” na “ng'ambo” ni kero nyingine. Katika muswada mmoja utaikuta imeandikwa kwa alama iliyonyooka, iliyopinda kulia, hata iliyopinda kushoto, kutegemea ilichapwa kwenye simu au kompyuta. Kwa macho ni tofauti ndogo. Kwa kompyuta ni herufi tofauti, na msomaji wa kitabu cha kielektroniki akitafuta neno hilo hatalipata lote. Chagua alama moja na uzibadilishe zote kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha. Na zima kisahihishi cha tahajia cha Kiingereza. Hubadili maneno kimyakimya, halafu wewe ndiye unayeonekana hujui lugha.

Kurasa zikishapangwa, toa PDF na uisome kwenye karatasi, si kwenye kioo. Huu ndio usomaji wa prufu. Sahihisha herufi, usiandike upya. Aya moja ikirefuka inaweza kusukuma sura nzima.

7. Jalada

Jalada linangoja hadi sasa kwa sababu ya mgongo. Unene wake hutegemea idadi ya kurasa na aina ya karatasi. Kwa vipimo vya KDP, kila ukurasa wa karatasi nyeupe una unene wa inchi 0.002252 na wa krimu inchi 0.0025. Kitabu cha kurasa 200 basi kina mgongo wa milimita 11.4 kwa karatasi nyeupe na 12.7 kwa krimu. Milimita moja na kidogo inaonekana haina maana hadi jina la kitabu lianze kutambaa kuelekea mbele ya jalada. Mpiga chapa mwingine atakuwa na vipimo vyake, mwombe.

Picha za kuchapwa ziwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa halisi, na rangi zitayarishwe kwa wino wa uchapaji, la sivyo buluu iliyong'aa kwenye kioo itatoka imefifia. Rangi ya nyuma ivuke ukingo wa kukatwa kwa takriban milimita 3 kila upande, na maandishi yakae mbali na ukingo huo. Kitabu chembamba hakina mgongo wa kuandikwa. KDP huruhusu maandishi pale kurasa zinapozidi 79.

Kuhusu sura yake, kipimo changu ni kimoja: punguza jalada hadi liwe na ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Jina linasomeka? Anayelitazama anajua kama ni riwaya ya mapenzi, kitabu cha dini au cha biashara? Kama hajui, mchoro unaweza kuwa mzuri sana na bado haufai kitabu hicho. Maneno ya jalada la nyuma yasizidi 150 au 200. Yaeleze tatizo au mgogoro wa kitabu, yasisimulie mwisho, na yasianze na wasifu wako.

8. Kitabu cha kielektroniki

Usipeleke PDF ukadhani umemaliza. EPUB haina kurasa zisizobadilika; maandishi hujipanga upya kulingana na kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Kwa hiyo vichwa vya sura vitengenezwe kwa mitindo ya programu, si kwa kukoleza herufi kwa mkono. Nafasi zisitengenezwe kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpya mara tano. Na yaliyomo yawe viungo, si namba za kurasa. Fungua faili kwenye simu ndogo, simu kubwa na kompyuta kabla ya kuiuza.

Kwenye KDP, bei iliyo kati ya dola 2.99 na 9.99 hukupa haki ya mrabaha wa asilimia 70 kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa, ukiondoa gharama ya kupeleka faili. Nje ya hapo ni asilimia 35. Mpango wa KDP Select hukufunga kwa siku 90 kwa awamu, na katika muda huo toleo la kielektroniki halitakiwi kuuzwa wala kugawiwa kwingine, hata kwenye tovuti yako. Kama sehemu ya maandishi au picha imetengenezwa na akili bandia, utatakiwa kuitaja unapopakia.

Kabla ya kuchagua jukwaa lolote, hakikisha mambo matatu: linapokea vitabu vya Kiswahili, linaweza kukulipa kwenye benki ya nchi yako, na kiasi gani kitakatwa kodi. Majukwaa ya Marekani humtaka mwandishi wa nje ajaze fomu ya kodi, na kama nchi yake haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mrabaha unaotokana na mauzo ya huko hukatwa.

9. Bei, na idadi ya kuchapa

Tenganisha gharama za mara moja (uhariri, jalada, kupanga kurasa, ISBN) na gharama za kila nakala. Tuseme bei ya kitabu ni 100, kuchapa nakala moja ni 30, na gharama za mara moja jumla ni 5,000. Ukiuza mwenyewe mkono kwa mkono, kila nakala inakuachia 70, na utarudisha fedha zako kwa nakala 72. Ukiuza kupitia duka linalochukua asilimia 40, zinabaki 60. Ondoa 30 za kuchapa na 5 za usafiri, unabaki na 25. Sasa unahitaji nakala 200. Kitabu ni kile kile na bei ni ile ile. Ndiyo maana swali la hatua ya kwanza lilitangulia.

Bei ipangwe kwa kuangalia njia yenye faida ndogo kuliko zote, si ile nono. Na usimwuzie msomaji kwa bei ya chini kuliko ya duka linalokuuzia. Mwenye duka akijua, atakurudishia mzigo.

Ofseti ina gharama kubwa ya kuandaa sahani za uchapaji, kisha kila nakala hushuka bei kadiri unavyochapa nyingi. Uchapaji wa dijitali hauna maandalizi hayo, lakini bei ya nakala haishuki sana. Mpiga chapa atakuonyesha kwamba nakala 1,000 ni nafuu kwa kila moja kuliko 300, na ni kweli. Lakini nakala iliyokaa stoo miaka mitatu ikiliwa na mchwa si nafuu. Chapa kiasi ambacho unaweza kutaja kitauzwa wapi ndani ya miezi sita. Oda zilizolipiwa kabla ndizo kipimo bora kuliko ahadi za “nitakuunga mkono”.

Omba makadirio kwa wapiga chapa watatu kwa maelezo yale yale, neno kwa neno: ukubwa, kurasa, karatasi, jalada, ujalidi, idadi, na usafiri umo au haumo. Kisha dai nakala moja ya majaribio kabla ya mashine kuanza. Ikunje, ivute kurasa uone kama gundi inashika, soma jina lako kwenye mgongo, linganisha ISBN iliyo chini ya msimbopau na ile ya ukurasa wa hakimiliki. Idhini yako itoe kwa maandishi. Ulizia pia uvumilivu wa idadi, maana wapiga chapa wengi hujiwekea nafasi ya kutoa nakala pungufu au ziada, mara nyingi hadi asilimia 10.

10. Kuuza

Kwenye maduka ya mtandaoni, msomaji hukipata kitabu kwa taarifa zake: jina, jina dogo, maelezo, kategoria na maneno ya utafutaji. KDP hutoa nafasi saba za maneno hayo na kategoria tatu. Usirudie humo maneno yaliyomo tayari kwenye jina. Andika yale ambayo mtu asiyekujua angeyachapa akitafuta kitabu cha namna yako. Tuma nakala za mapema kwa watu watakaoandika maoni ya kweli. Maoni ya kununua hufutwa, na akaunti inaweza kufungwa.

Kwa maduka ya kawaida, wengi watakubali kuuza kwa mali kauli: unaacha nakala, wanalipa zikiuzwa. Mfumo huu haufanyi kazi bila karatasi. Andika idadi uliyoacha, bei, asilimia yao, tarehe ya kufanya hesabu, na nani atabeba hasara ya nakala zilizochafuka, kisha wote wawili msaini. Anza na nakala chache, tano hadi kumi kwa duka, na urudi tarehe ile ile mliyokubaliana. Duka ambalo halikulipi baada ya hesabu mbili lisipewe nakala nyingine, hata mwenyewe akiwa mcheshi kiasi gani.

Nakala za bure ziwe na bajeti yake. Kila mtu anayekujua ataomba “moja tu”, na ukihesabu utakuta umegawa sehemu ya tano ya mzigo. Amua mapema: kumi kwa wahakiki, tano kwa waliosaidia kazi, za maktaba, basi. Wengine wauzie, na uwape risiti. Weka daftari la mauzo linaloonyesha njia ya kila nakala, kwa sababu mamlaka ya kodi itauliza, na kwa sababu nyingine iliyo hapa chini.

11. Chapa ya pili

Tangu siku kitabu kinapotoka, fungua faili la makosa: ukurasa, mstari, kosa, sahihisho. Wasomaji watakuletea, washukuru na usibishane nao. Usirekebishe kosa moja moja kwenye faili la kurasa, subiri yakusanyike. Kitabu cha kielektroniki unaweza kukisahihisha wakati wowote, lakini hifadhi kila faili kwa tarehe yake ili usije ukampa mpiga chapa lile la zamani.

Nakala zikibaki robo ya mzigo, fungua daftari la mauzo. Kama nyingi zilitoka kwa mkono wako mwenyewe katika wiki za mwanzo, hao walikuwa watu wako, na hawatanunua tena. Chapa ndogo ya dijitali au kuchapa kwa oda itatosha. Kama maduka ndiyo yanayoita nakala zaidi miezi sita baadaye, wanunuzi ni wageni, na hapo ofseti inaanza kuleta maana. Chukua faili la makosa, yarekebishe yote kwa mkupuo, badilisha mwaka na namba ya chapa kwenye ukurasa wa hakimiliki, kokotoa upya unene wa mgongo kama umebadili karatasi, na uagize nakala nyingine ya majaribio.